Dresden, Februari 1945: nani alihesabu maiti?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha sita, amepewa kazi ya kuandika kuhusu mashambulizi ya anga ya Vita Kuu ya Pili, naye amechagua mji wa Dresden, Ujerumani. Kinachomsumbua ni idadi ya waliokufa. Kitabu cha zamani cha maktaba kinasema 135,000, kingine kipya kinasema 25,000, na video aliyoiona inasema nusu milioni. Mjomba wake kamwambia historia huandikwa na mshindi, kwa hiyo achukue ile kubwa. Mimi ni mhasibu, historia niliiacha kidato cha nne. Nimsaidieje kupima vyanzo hivi?

Jibu: Marahaba, dada. Umetaja uhasibu kana kwamba unaomba radhi, kumbe kwa swali hili una faida kuliko walimu wengi wa historia. Ukiletewa hesabu ya shilingi milioni kumi, huanzi kumtazama mleta hesabu usoni kama ana sura ya uaminifu. Unauliza stakabadhi iko wapi, nani alisaini, tarehe gani, na nani alizihesabu fedha kabla hazijaingia kwenye leja. Basi maiti za Dresden zinataka ukaguzi wa namna hiyo. Kijana akianza kwa kuuliza nani mkweli, ataishia kwenye ushabiki. Aulize tarakimu ilizaliwa ofisi gani, siku gani, na ilipita mikononi mwa nani mpaka ikafika kwenye kitabu alichokishika. Waliosoma madrasa wanaujua mtindo huu: hadithi ya Mtume haipokewi bila kwanza kutazama wapokezi wake.

Tukio lenyewe kwa ufupi. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, kwenye saa nne na robo, ndege 244 za Uingereza aina ya Lancaster zilianza kudondosha mabomu juu ya mji wa kale. Baada ya saa tatu hivi, watu wakiwa wameanza kutoka mafichoni na wazima moto wa miji ya jirani wakiwa wameitwa, likaja wimbi la pili la ndege zaidi ya 500. Mchana wa tarehe 14 zikaja ndege za Marekani aina ya B-17, zaidi ya 300, na tarehe 15 wakarudi tena. Usiku ule mmoja Waingereza peke yao walidondosha zaidi ya tani 2,600, karibu nusu yake mabomu ya moto. Mioto ikaungana ikawa dhoruba. Wengi waliokufa kwenye vyumba vya chini ya nyumba hawakuguswa na ndimi za moto, ila walikosa hewa na kuvuta gesi yenye sumu. Kanisa la Frauenkirche lilibaki limesimama katikati ya majivu, likaanguka asubuhi ya tarehe 15.

Hayo hayana ubishi, maana kumbukumbu za pande zote zinakubaliana. Ubishi unaanza kwenye idadi ya waliokufa, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu kuna karatasi moja ambayo ingekufurahisha kikazi.

Karatasi hiyo ni amri ya siku ya polisi wa Dresden, namba 47, ya tarehe 22 Machi 1945. Ndani yake polisi wanaeleza kazi ya kuopoa maiti imefikia wapi. Kwa miaka mingi baada ya vita zilizunguka nakala za amri hii zilizopigwa chapa upya, na zilisema hivi: mpaka jioni ya tarehe 20 Machi maiti zilizoopolewa ni 202,040, inatarajiwa zitafika 250,000, na kati ya hizo 68,650 zilichomwa moto. Ukisoma peke yake unatetemeka. Ina namba, ina tarehe, ina lugha ya ofisi, na tarakimu yake haijakaa kimviringo. Wengi huamini tarakimu kwa sababu haina sifuri tatu mwishoni, wakidhani mwongo angesema "laki mbili" tu.

Sasa iweke kwenye leja pamoja na taarifa nyingine za polisi haohao. Taarifa ya tarehe 15 Machi, waliyoipeleka juu kwa wakubwa wao kwa siri, inasema maiti 18,375 na kutarajia jumla ya 25,000 hivi. Taarifa nyingine, ya mwanzoni mwa Aprili, inasema mpaka mwisho wa Machi zilikuwa 22,096. Ukiwa mhasibu macho yako yameshaona: 18,375 katikati ya Machi, 22,096 mwisho wa Machi, na katikati yake ati 202,040? Mizania haiwezi kupanda mara kumi na kushuka tena ndani ya wiki tatu. Lakini futa sifuri ya mwisho. Inabaki 20,204, na inakaa pale katikati kama tofali kwenye ukuta. Futa sifuri kwenye 250,000 unapata 25,000, kile kile kilichokwisha kutarajiwa. Futa kwenye 68,650 unapata 6,865.

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka ya 1970 mtafiti Götz Bergander, ambaye mwenyewe alikuwa kijana Dresden usiku ule, alipata nakala aliyokuwa ameitunza mtu wa polisi ya akiba, nayo ilikuwa na 20,204. Wanahistoria wanaona mkono wa wizara ya propaganda ya Joseph Goebbels, waziri wa Hitler, katika zile sifuri. Tazama pia jambo la kawaida kabisa la kazi ya mikono. Maiti zilichomwa kwenye uwanja wa Altmarkt, juu ya mataruma ya chuma, kwa muda wa kama wiki mbili hivi. Kuchoma 6,865 kwa wiki mbili ni kazi ya kuogofya lakini inawezekana. Kuchoma 68,650 ni karibu maiti 5,000 kila siku kwenye uwanja mmoja, katika mji usio na mafuta wala magari. Baadaye pale Altmarkt yaliwekwa maandishi ya kuwakumbuka waliochomwa hapo, nayo yalisema 6,865.

Kabla hata ya amri hiyo kughushiwa, uvumi ulishatumwa nje. Februari haijaisha, magazeti ya Sweden, nchi isiyokuwa vitani, yalikuwa tayari yanataja laki moja mpaka laki mbili, yakisindikizwa na maneno kama "kwa taarifa za faragha kutoka Berlin". Mwambie kijana aizoee harufu ya maneno ya namna hiyo. Gazeti la nchi isiyopendelea upande si lazima liwe na habari isiyopendelea upande. Linaweza kuwa bomba tu la mtu aliyekaa Berlin na aliyetaka dunia isikie.

Na ile 135,000 ya kitabu cha maktaba? Hiyo ilienea kupitia kitabu cha mwandishi Mwingereza David Irving cha mwaka 1963. Msingi wake ulikuwa makisio ya mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye ofisi ya Dresden ya kutafuta waliopotea, aliyekumbuka baada ya miaka mingi. Hapakuwa na daftari mezani. Baadaye Irving akaipata ile amri yenye sifuri za ziada, akaitumia. Alisema imetoka kwa daktari mwenye cheo mjini Dresden. Daktari huyo akaandika kwamba cheo hicho hakuwahi kuwa nacho, na kwamba tarakimu zenyewe alizisikia kwa watu wengine. Mwaka 1966, taarifa halisi za polisi zilipojitokeza, Irving aliandika barua kwenye gazeti la The Times la London kukiri kosa. Lakini barua ya gazeti haiendi kubadili vitabu vilivyokwisha kuuzwa. Riwaya moja mashuhuri ya Kimarekani ya mwaka 1969, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa mfungwa wa vita Dresden usiku ule, iliinukuu ile 135,000, na tangu hapo imesomwa na mamilioni. Mwaka 2000, kwenye kesi ya London ambayo Irving mwenyewe aliifungua, mambo ya Dresden yalichambuliwa mbele ya jaji, na hukumu ilisema alipotosha ushahidi.

Hapa nami nitubu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nasimama ubaoni na kuandika 135,000, tena kwa chaki nyekundu. Niliitoa kwenye kitabu cha kiada, kilichoitoa kwenye kitabu kingine, kilichoitoa kwa Irving. Vitabu vitatu kwenye rafu moja vilinipa moyo: vyote vinasema jambo moja, basi ni kweli. Sikujua kwamba nilikuwa na shahidi mmoja aliyevaa makoti matatu. Aliyenizindua ni mwanafunzi. Aliniuliza nani alihesabu, nikakosa jibu, nikamwambia akae chini. Nilikwenda maktaba jioni ile kwa aibu.

Sasa tuone polisi walihesabuje, maana usije ukadhani nakutaka uiabudu karatasi kwa kuwa ni ya serikali. Maiti ikiopolewa iliandikwa mahali ilipokutwa, jinsia, na kitu chochote cha kumtambulisha: pete, kipande cha nguo, kitambulisho. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Kulikuwa na vyumba vilivyoachwa bila kufukuliwa, na mji ulishambuliwa tena baadaye. Pia watu 35,000 waliripotiwa kupotea, na hii tarakimu imewachanganya wengi, kwa sababu mtu huichukua akaijumlisha na maiti. Kupotea si kufa. Wengi kati yao walikuwa wamekimbilia vijijini au kwa ndugu, na kama 10,000 baadaye walijulikana wako hai. Na wengine kati ya waliopotea ni wale wale waliokuwa tayari kwenye hesabu ya maiti zisizotambuliwa. Ukijumlisha umehesabu mtu mmoja mara mbili, kosa unalolijua vizuri kuliko mimi.

Basi hesabu ya polisi tuiite sakafu, halafu tuulize dari iko wapi. Mwaka 2004 mji wa Dresden uliunda tume ya wanahistoria chini ya Rolf-Dieter Müller ifanye kazi hiyo, na ilitoa ripoti mwaka 2010. Kinachonipendeza kwao ni kwamba hawakutegemea karatasi ya polisi peke yake. Walikwenda kwenye madaftari ya makaburi, maana kila kaburi lilichimbwa na mtu aliyelipwa, na malipo huacha alama. Wakaenda kwenye ofisi za vizazi na vifo, kwa sababu baada ya vita mjane akitaka kuolewa tena au mtoto akitaka urithi, ilibidi kifo kithibitishwe rasmi, hata kama familia ilihamia mwisho mwingine wa Ujerumani. Wakawasikiliza waliochimba ardhi. Njia hizo hazikutegemeana, na zote zilielekea mahali pamoja: waliokufa ni watu hadi 25,000.

Wenye kutaka tarakimu kubwa wana majibu mawili ya kudumu, na kijana atayakuta. La kwanza ni kwamba maiti ziliyeyuka, hazikubaki hata majivu. Tume ililichunguza hilo kwa kutazama vyumba vya chini vilivyofukuliwa, na haikuona dalili ya makumi ya maelfu ya watu kutoweka bila kuacha kitu. Tangu vita viishe mpaka mwaka 1966, kazi za kujenga upya ziliibua maiti 1,858. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ulichimbwa kwa kasi kubwa ya ujenzi na hazikupatikana nyingine. Kama watu 100,000 wangekuwa bado chini, wajenzi wangewakuta.

Jibu la pili ni la wakimbizi: mji ulijaa watu waliokimbia Jeshi Jekundu la Urusi ya Kisovieti, ambao hakuna aliyewajua. Hili lina uzito zaidi, na usilipuuze. Wakimbizi walikuwepo kweli, kwenye stesheni na kwenye nyumba za watu, na wengine walikufa. Lakini mkimbizi naye akifa huacha mwili, na polisi walikuwa wanahesabu miili. Hawakuwa wanaita majina ya wenyeji. Tena mkimbizi alikuwa na jamaa waliomtafuta baadaye kwenye ofisi zilezile. Kuhusu nusu milioni ya video, chukua kikokotoo chako. Sensa ya 1939 iliipa Dresden watu kama 630,000. Taarifa ya polisi inasema waliobaki bila makazi ni 350,000. Ongeza nusu milioni ya maiti juu yao, halafu utafute mahali pa kuwaweka wote ambao nyumba zao hazikuguswa.

Kwa mjomba nina maneno yangu, nayo si ya kumdhalilisha. Amesema kweli kwamba mwenye nguvu huandika anavyotaka. Ila hapa amekosea nani aliandika nini. Tarakimu ndogo haikutoka kwa Waingereza wala Wamarekani. Imetoka kwa polisi wa Hitler, kwenye taarifa za siri ambazo hazikukusudiwa kusomwa na adui wala na raia. Polisi wa Dresden hawakuwa na faida yoyote ya kuwapunguzia Waingereza lawama, na walihitaji idadi ya kweli ili wajue mifuko mingapi ya chokaa, magari mangapi, makaburi mangapi. Tarakimu kubwa nayo ilitoka kwa Wajerumani haohao, ila ile ya kutumwa nje. Nyumba moja ilikuwa na vitabu viwili vya hesabu, cha ndani na cha kuonyesha wageni. Wewe kama mkaguzi ungeomba kipi?

Tazama na waliotawala Dresden baada ya vita. Serikali ya Kikomunisti ya Ujerumani Mashariki iliwachukia Waingereza na Wamarekani, na kila Februari iliwalaani kwa mabomu yale. Ilikuwa na kila sababu ya kupandisha idadi. Pamoja na hayo, tarakimu iliyozoeleka upande huo ilikuwa 35,000. Mtu anapokuwa na sababu ya kuongeza chumvi na hakuiongeza, neno lake lina thamani ya ziada.

Najua pia mashaka ya mjomba yanatoka wapi, maana na mimi nimezaliwa hukuhuku. Sisi tumezoea tarakimu za wenye mamlaka kuwa ndogo. Kwenye Vita vya Maji Maji, Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akaja kukadiria 250,000 mpaka 300,000. Hapo ile ya mtawala ndiyo dhaifu. Lakini uliza swali lilelile: nani alihesabu? Kule Ungoni na Umatumbi hakuna askari aliyepita na daftari nyumba kwa nyumba, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, miezi na miaka baada ya taarifa kuandikwa. Dresden kulikuwa na daftari. Ukianza na kanuni ya kwamba serikali husema uongo, utapatia Ungoni na utakosea Dresden, na hutajua kwa nini umepatia wala kwa nini umekosea.

Washindi nao wana uongo wao, na kijana asiukwepe. Haukai kwenye idadi ya maiti. Unakaa kwenye majina waliyoipa kazi yao. Taarifa za Wamarekani zinasema walilenga stesheni na uwanja wa kupanga mabehewa ya treni. Sehemu yake ni kweli: Dresden ilikuwa njia panda ya reli, na ilikuwa na viwanda vilivyofanya kazi za vita, ingawa propaganda ya Goebbels ilidai ni mji wa sanaa tu. Lakini wakati mawingu yamefunika na rubani anatumia rada, "uwanja wa mabehewa" kwenye karatasi mara nyingi maana yake ni katikati ya mji. Waingereza usiku hawakujisumbua hata kwa jina hilo. Alama ya kulengea ya wimbi la kwanza ilikuwa uwanja wa michezo ulioko karibu na mji wa kale, na kutoka hapo ndege zilitandaza mabomu kama upepo wa feni juu ya makazi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Tarehe 28 Machi 1945 aliwaandikia wakuu wake wa jeshi kwamba wakati umefika wa kutafakari upya upigaji wa miji ya Ujerumani kwa ajili tu ya kuongeza hofu, hata kama hupewa visingizio vingine. Neno hofu lilikuwamo waziwazi. Wakuu wa anga wakakasirika, na mkuu wao, Sir Charles Portal, akataka barua iondolewe. Tarehe 1 Aprili ikatoka nyingine, laini, isiyo na neno hilo wala jina la Dresden. Zote mbili zipo kwenye nyaraka. Mwanafunzi mvivu atanukuu ya pili kwa kuwa ndiyo rasmi. Mwenye haraka atanukuu ya kwanza na kusema Churchill alikiri. Mimi ningeziweka sambamba na kuuliza kwa nini aliandika ya kwanza siku ile na si Januari, alipokuwa yeye mwenyewe akiwahimiza wapige miji ya mashariki mwa Ujerumani. Mwanasiasa anayeona vita vinaisha huanza kuandika kwa ajili ya watakaokuja kusoma.

Nimeacha mashuhuda mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndio wanaogusa moyo na ndio wanaotumiwa vibaya. Namtaja mmoja ninayemheshimu sana, Victor Klemperer. Alikuwa profesa wa lugha, Myahudi, aliyekuwa hai Dresden kwa sababu tu mke wake Eva hakuwa Myahudi. Mchana wa tarehe 13 Februari alikuwa anawapelekea Wayahudi wachache waliobaki barua za kuitwa kusafirishwa, na wote walijua safari hiyo inaishia wapi. Usiku mabomu yakaanguka. Akapotezana na Eva motoni, wakakutana asubuhi, naye Eva akaikata kwa kisu, kwenye koti la mumewe, ile nyota ya njano ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa, wakatoroka kati ya wakimbizi. Moto uliowaua maelfu ndio uliomwokoa.

Shajara yake ni hazina, lakini ipime. Hakuandika usiku ule, bali siku nane hivi baadaye akiwa kijijini. Anajua alichokiona kutoka alipokuwa: joto, cheche, mtu aliyelala njiani, ngazi za kwenda kwenye uwanda wa juu ya mto Elbe. Hasemi wangapi walikufa, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua. Shahidi huaminika kwa kadiri ya macho yake. Mtu mwingine akisema "niliona maiti mia mtaani kwetu", mwamini kwa mtaa wake. Akisema "laki mbili mjini kote", hapo anakupa aliyosikia, na yeye mwenyewe hajui tena mpaka uko wapi.

Kuna kumbukumbu moja inayojirudia Dresden: kwamba ndege ndogo za Marekani zilishuka chini zikawamiminia risasi watu waliokimbilia kingo za Elbe. Wazee wengi wameisimulia kwa machozi. Tume ilichunguza kumbukumbu za vikosi vya ndege hizo, ikawahoji watu, na hata kingo za mto zikatafutwa mabaki ya risasi. Haikupatikana kitu cha kuthibitisha. Je, wazee waliongopa? Sidhani. Mchana wa tarehe 14 kulikuwa na ndege za kivita angani, za pande zote mbili, na ndege inayopita chini juu ya mtu aliyekwisha kuungua usiku kucha haihitaji kufyatua risasi ili imuue moyoni. Tena miji mingine ya Ujerumani ilishambuliwa kwa namna hiyo kweli, na simulizi husafiri. Kijana aandike kwamba mashuhuda wengi wanasema hivyo na kwamba nyaraka hazithibitishi. Sentensi zote mbili ni za kweli na zinaweza kukaa kwenye aya moja.

Picha nazo zina tarehe. Ile mashuhuri kuliko zote, ya sanamu iliyonyoosha mkono juu ya magofu, wengi huinukuu kama picha ya asubuhi baada ya mabomu. Richard Peter aliipiga miezi mingi baadaye, vita vimeshaisha, kutoka mnara wa jumba la manispaa. Sanamu yenyewe watu huiita malaika. Si malaika, ni mfano wa Wema, mmojawapo wa zile sifa zilizochongwa kupamba mnara. Picha ni halisi kabisa, ila maelezo yanayobandikwa chini yake ndiyo mara nyingi si yake.

Kwa insha basi. Aandike "hadi watu 25,000", aseme imetoka kwa tume ya 2010, na aseme tume ilitegemea nini. Aitaje 135,000 na 202,040, asizifiche, maana safari ya zile sifuri ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika insha hiyo, na mwalimu wake atafurahi. Asiogope kwamba tarakimu ndogo inapunguza uzito wa kilichotokea. Siku kumi baada ya Dresden, mji mdogo wa Pforzheim wenye watu kama 80,000 ulipigwa usiku mmoja wakafa 17,600, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, na ni wachache nje ya Ujerumani waliowahi kulisikia jina lake. Hakuna aliyewaongezea sifuri.

Ile video nimeitazama mpaka mwisho. Muziki mzuri, picha za kutisha, sauti nzito ya kiume. Nusu milioni imetajwa mara kadhaa, na hakuna hata mara moja anaposema nani alihesabu.